Karani wa Jikoni

Nikiwa darasa la saba, kule Muheza, nilikuwa na kazi. Kila jioni baada ya swala ya alasiri niliwasomea wazee gazeti kwenye kijiwe cha kahawa nyuma ya stendi. Macho yao yalikuwa yamechoka na miwani ilikuwa ghali. Muuza kahawa, ambaye ndiye aliyelinunua gazeti, mkono mmoja ulishika dele na mwingine vikombe. Ujira wangu ulikuwa kashata na ruhusa ya kukaa benchi moja na watu wazima. Tulisoma Uhuru, Majira au Nipashe, kutegemea lipi limewahi kufika na basi la Dar es Salaam. Nilijua nipandishe sauti wapi na niishushe wapi. Nilijua nani anataka mpira kwanza, nani anataka siasa, na nani anajifanya hasikilizi ilhali ndiye atakayeuliza swali gumu.

Mwishoni mwa Juni 2002 treni ya abiria ilirudi kinyumenyume pale Igandu, mkoani Dodoma, ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Siku zile kijiwe hakikuwa na utani. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, reli hiihii yetu ya Tanga, alinirudisha kila mara kwenye sehemu inayoeleza habari za breki, akinikatisha kufafanua yale ambayo mwandishi hakuyajua. Watu waliokuwa wakipita stendi walisimama kusikiliza. Nilikuwa na miaka 13, na nilijua bila kuambiwa kwamba mimi ni yule mtoto ambaye habari nzito hupitia kinywani mwake. Hakuna aliyeniambia nijiamini. Nilikuwa nangojwa saa kumi na moja jioni, basi.

Nyumbani nilikuwa na cheo kingine. Bibi mzaa mama aliniita mume wake, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, na alinidai matumizi mbele ya wageni. Nikileta kuni, mume kamkumbuka. Nisipoleta, aliwauliza majirani kadhi anafungua ofisi lini ili akadai talaka yake. Mtoto anayetishiwa talaka kwa sababu ya kuni anajua wazi kuwa kuni zake zina maana.

Nayaeleza haya kwa sababu ushauri mwingi wanaopewa vijana huanzia ndani ya kifua: jitambue, jipende, jiamini. Mimi naona ushauri huo unaanzia mwisho. Kijana wa umri ule hajijui kwa kujitazama. Anajijua kwa kutumwa. Anaangalia watu wanamtuma nini, wanamngoja saa ngapi, na wanasemaje asipotokea, halafu kutokana na hayo anajitungia jibu la yeye ni nani. William James, Mmarekani aliyetoa kitabu chake kikubwa cha saikolojia mwaka 1890, aliona kwamba mtu hana nafsi moja mbele za watu, bali ana nyingi kadiri ya watu wanaomtambua. Mimi nilikuwa nazo mbili nzuri, ya kijiweni na ya kwa bibi. Januari 2003 niliziacha zote mbili asubuhi moja, nikapanda basi na tranka langu, godoro, ndoo, jembe na ufagio wa chelewa, kama ilivyoagizwa kwenye fomu ya kujiunga.

Nilikuwa nimechaguliwa kwenda shule ya bweni ya serikali, nyanda za juu kusini. Njia ni ndefu: Chalinze, Morogoro, hifadhi ya Mikumi ambako abiria wote hugeuka watalii kwa muda, halafu mibuyu ya bonde la Ruaha, halafu mlima Kitonga, ambao basi letu liliupanda polepole huku wanawake wakisoma dua. Huko juu nilikutana na baridi ambayo sweta la Tanga halikuwa limesomea.

Waliochaguliwa wote walikuwa wa kwanza huko walikotoka. Hapo ndipo penye ugumu ambao wazazi hawauoni siku ya kusherehekea matokeo. Ukikusanya watoto arobaini waliozoea kuwa wa kwanza ukawapanga upya, mmoja atakuwa wa kwanza na thelathini na tisa watajifunza jambo jipya kuhusu wao wenyewe, na mmoja kati yao atakuwa wa arobaini bila kuwa amepungukiwa akili hata chembe. Mwanasaikolojia Herbert Marsh amelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1980: kati ya wanafunzi wawili wenye uwezo sawa, yule aliye kwenye shule ya vipanga hujiona dhaifu kuliko mwenzake aliye kwenye shule ya kawaida. Matokeo ya aina hiyo yamejirudia katika nchi nyingi. Sisi hatukuhitaji utafiti. Kila mwisho wa mwezi majina yalibandikwa ubaoni, kuanzia juu hadi chini, na palikuwa na mstari mwekundu.

Mimi nilikuwa chini ya mstari. Sababu kubwa ilikuwa lugha. Shule ya msingi tulifundishwa kila kitu kwa Kiswahili. Sekondari tukaamkia Kiingereza. Mwalimu wa Baiolojia aliuliza majani yanatengenezaje chakula, na mimi usanisinuru nilikuwa naujua tangu darasa la sita, nilikuwa naweza kuuchora na mishale yake, jua huku, maji huku, hewa ya ukaa huku. Nikasimama. Nikakaa. Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake. Kutoka kijiwe kizima kukusikiliza hadi kushindwa kusema jambo unalolijua mbele ya watu arobaini ni safari ya wiki tatu tu, na hakuna aliyeniona nikiifanya.

Aliyekutwa anazungumza Kiswahili alivishwa kibao cha mbao chenye kamba, akatembea nacho hadi amnase mwingine. Aliyelala nacho, kesho yake alikwenda adhabu. Wajanja walitafuta njia rahisi: walinyamaza. Mimi nilikuwa mjanja. Wenzangu walinipa jina la Mgosi, kwa kuwa wanamuziki Wagosi wa Kaya walikuwa wakivuma redioni na kila aliyetoka Tanga alibatizwa hivyo, wakanisubiri niwachekeshe kwa lafudhi ya nyumbani. Nikawa Mgosi bubu. Juu ya hayo sauti yenyewe, mtaji wangu, ikaanza kukwaruza. Ilikuwa ikitoka nzito, inapasuka katikati ya neno, inarudi nyembamba. Hata kama Kiingereza ningekijua, nisingejua kitatoka kwa sauti ipi.

Kaptula yangu ya shule ilikuwa na kiraka nyuma, kizuri, cha cherehani, rangi ileile. Niliamini bwalo zima linakitazama. Nilijifunza kutembea ubavu, sahani mkononi, hadi kwenye meza ya ukutani. David Elkind aliandika mwaka 1967 kuhusu hadhira hii ambayo kijana hujiundia kichwani, akidhani kila mtu anamtazama yeye, wakati kila mtu ana hadhira yake mwenyewe ya kuihangaikia. Ni kweli, na ukiwa mtu mzima inachekesha. Lakini namwongezea Elkind jambo moja kwa hisani yake: shule ya bweni ni mahali ambapo hadhira hiyo si ya kufikirika tu. Unaoga mbele yake, unalala nayo, unapokea barua mbele yake, unapigwa mbele yake paredini. Kijana wa kutwa hupumzika saa nane mchana. Sisi hatukuwa na saa nane.

Mwili ukaanza kusema yale ambayo kinywa hakikusema. Tumbo lilikuwa likinikata kila siku ya Fizikia. Kichwa kiligonga. Usingizi ulikuja saa sita za usiku na kengele ilikuja saa kumi na moja alfajiri. Siku hizi inajulikana kwamba saa ya mwili wa kijana husogea mbele wakati wa kubalehe, usingizi wake huchelewa kuja kuliko wa mtoto na wa mtu mzima, na madaktari wa usingizi wa Marekani wanapendekeza usingizi wa saa nane hadi kumi kwa walio kati ya miaka 13 na 18. Wakati ule ilijulikana kwamba tu wavivu. Zahanati ya shule ilikuwa na jibu moja kwa kila kitu: malaria. Dawa iliyotumika miaka ile ilikuwa SP, vidonge vitatu unavimeza kwa mpigo. Nesi alikuwa mama mpole na sina neno naye. Homa kwetu huua, na wakati ule kumpa mtoto dawa ya malaria kulikuwa afadhali kuliko kumwachia bahati. Lakini hapakuwa na kidonge cha kumeza kwa ajili ya Fizikia, na swali la kuuliza halikuwamo kwenye fomu yake.

Tulikuwa na mwalimu wa malezi na ushauri. Ndiye huyohuyo aliyekuwa mwalimu wa nidhamu. Nadhani jambo hilo linajieleza. Mtu hamfuati kumweleza moyo wake anayeshika fimbo, hata awe na huruma kiasi gani, na huyu wetu alikuwa nayo, nimekuja kumjua ukubwani. Cheo kilimziba.

Kilichonitoa ni adhabu. Siku moja nilikutwa naimba Kiswahili wakati wa kufua, nikalala na kibao, na kesho yake nikapelekwa jikoni kuchambua maharage. Jikoni shuleni ni nchi nyingine. Moshi, masufuria ya kuingia mtu mzima, wapishi watatu, mlinzi wa usiku aliyekuja kuota moto kabla ya zamu, na Kiswahili mtindo mmoja, kimechanganyika na Kihehe. Mlinzi aliniamkua kwa "kamwene," nikamwitikia nilivyoweza, akacheka hadi akakohoa. Kisha akauliza kama mwandiko wangu unasomeka.

Alikuwa na ugomvi na kaka yake juu ya vinyungu, bustani zile za mabondeni ambazo watu wa Iringa hulima wakati wa kiangazi. Baba yao alikuwa amefariki, kaka amechukua bonde lote. Simu za mkononi zilikuwapo mjini, lakini si mfukoni mwa mlinzi. Alitaka barua. Nilichomoa karatasi katikati ya daftari la Jiografia, nikakaa juu ya gunia, akaanza kusema. Alisema tangu mwaka baba yao alipougua. Alisema habari za ng'ombe, za mahari ya dada, za mtu mmoja aliyemtukana msibani. Niliandika hadi mkono ukaniuma. Mwisho wa ukurasa wa pili nikamuuliza swali ambalo wazee wa kijiweni wangeniuliza mimi: "Sasa mzee, unataka yeye afanye nini?"

Akanyamaza. Akasogeza kuni. Akasema, "Anipe kinyungu kimoja. Kile cha karibu na mkuyu. Vingine akae navyo."

"Niandike hivyo?"

"Andika. Lakini andika kwanza kwamba sisi huku hatujambo."

Barua iliyokwenda ilikuwa ya ukurasa mmoja: salamu, ombi, salamu. Kaka alijibu baada ya majuma kadhaa. Kinyungu hakutoa mara moja, lakini alikubali kukaa kikao. Mlinzi alitembea na lile jibu kwenye mfuko wa koti kama kitambulisho. Baada ya hapo mpishi mkuu akataka barua, kisha dada wa stoo, kisha fundi wa mabomba. Nilikuwa na zamu ya jikoni bila adhabu, Jumamosi baada ya usafi. Mlinzi aliniita karani. "Karani kaja?" nilimsikia akiuliza nikiwa bado nje, na nikahisi mgongo wangu unanyooka wenyewe. Sikujiambia lolote mbele ya kioo. Palikuwa na mtu anauliza kama nimekuja.

Alama zangu hazikupanda mwezi ule. Hilo ni muhimu, maana hadithi za namna hii kwa kawaida hupandisha alama mara moja ili msomaji aridhike. Nilikuwa chini ya mstari mwekundu kama zamani. Lakini mstari ulikuwa umepungua ukubwa. Ulikuwa sasa unapima Mgosi wa darasani tu. Karani wa jikoni alikuwa nje ya mamlaka yake. Tumbo liliacha kunikata siku za Fizikia, sikumbuki lini hasa, maana mtu huwa hakumbuki siku ambayo maumivu hayakuja.

Na kazi yenyewe ilinifundisha kitu ambacho hakuna mwalimu aliyekuwa amekifundisha. Watu wazima walikuja na mzigo uliofungwa pamoja, wakausema wote, na ukiwauliza wanataka nani afanye nini, mzigo uligawanyika wenyewe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mambo yenye anwani: yupo mtu, yupo mahali, lipo ombi. Fungu la pili ni la mambo yasiyo na anwani. Baba amekufa, hiyo huiandikii mtu. Usiku mmoja wakati wa prepo niliandika ya kwangu kwa namna hiyohiyo. Baridi, haina anwani. Kuwa mbali na bibi, haina. Sauti kupasuka, haina, itangojwa. Kiraka cha kaptula kina anwani, ni mama, na ombi ni kitambaa cha mita moja. Fizikia ina anwani: mwanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Pangani aliyekuwa akiifundisha kwa Kiswahili cha kunong'ona nyuma ya bweni. Kiingereza kilinishinda kukipanga, nikakiacha katikati ya karatasi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Richard Lazarus na Susan Folkman walikuwa wameshaeleza jambo linalofanana na hili mwaka 1984: kuna kukabili shida kwa kuishughulikia yenyewe, na kuna kukabili kwa kuutuliza moyo unaoibeba, na mtu anayestahimili ni yule anayejua ipi inafaa wapi. Nilifurahi, ingawa kidogo niliona wivu. Kwa maoni yangu ni elimu ambayo kijana angefaa kupewa kabla ya kanuni za Newton. Wengi tunaowaona wamechanganyikiwa wanafanya kinyume: wanakesha na madaftari juu ya jambo linalotaka kuliliwa tu, halafu wanalilia jambo linalotaka kitambaa cha mita moja.

Kiingereza nacho kilikuja kupata anwani, tena kupitia mlango wa jikoni. Binti wa mpishi mkuu alipata kazi kwenye mashamba ya chai huko Mufindi, akaja na mkataba wa kurasa tatu, wote Kiingereza, na mama yake hakutaka aweke sahihi kitu ambacho karani hajakisoma. Nilikaa na kamusi siku mbili. Palipokuwa pananishinda nilikwenda kwa mwalimu wa Kiingereza, kwa miguu yangu mwenyewe, nikamuuliza kwa Kiingereza kibovu kifungu kinachosema kampuni inaweza kumwachisha mtu kazi ndani ya miezi mitatu ya majaribio. Alinitazama. Hakunisahihisha hata kosa moja, jambo ambalo nalishukuru hadi leo. Alikaa tukasoma mkataba wote. Hadi hapo Kiingereza kilikuwa kitu cha kunikamatia. Siku ile kikawa kitu cha kumfaa binti wa watu. Kidato cha pili nilikuwa katikati ya orodha, na huko ndiko nilikobaki hadi namaliza, mahali pazuri pasipo upepo mwingi.

Namkumbuka mwenzangu wa kitanda cha juu. Yeye alikuwa kipanga, wa kwanza kati yetu wa kwanza wote. Hakuwa na mpira, hakuwa na kwaya, hakuwa na jikoni. Alikuwa na ile orodha, na orodha ilimpenda. Muhula wa pili akawa wa tatu. Wa tatu katika watoto arobaini wa namna ile ni maajabu, lakini yeye aliacha kula. Aliacha kupiga soga. Alikuwa akikaa kitandani akigeuza kurasa bila kusoma. Sisi tulimtania, kwa kuwa ndiyo dawa pekee tuliyokuwa nayo. Mwisho mzee wake akaja kumchukua, akamhamishia shule ya kutwa jirani na nyumbani, ambako jioni alimsaidia mama yake dukani na Jumapili alicheza winga. Alimaliza vizuri. Kuna watu watasema alishindwa kuvumilia. Mimi naona baba yake alikuwa na akili kuliko shule nzima.

Si kila kitu hutibika kwa kuhamishwa au kwa kupewa kazi, na hapo pana haja ya kusema wazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Mtoto aliyeacha kula, asiyelala, anayezungumzia kufa hata kwa utani, huyo si wa kuandikishwa barua. Ni wa daktari, haraka, na namba 116 ya simu kwa mtoto hapa Tanzania haitozwi kitu.

Kenya wamejaribu njia inayonivutia. Mpango uitwao Shamiri, ulioanzishwa na Tom Osborn na wenzake, uliwapeleka vijana waliomaliza sekondari juzijuzi kukaa na wanafunzi wenye dalili za sonona na wasiwasi, saa moja kwa wiki, kwa wiki nne. Walizungumza na kuandika kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu mambo ambayo mtu anayathamini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa dalili zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Nimevutiwa na mafunzo, lakini zaidi nimevutiwa na wafundishaji: vijana wasio na fimbo, waliovua sare jana, waliopewa kazi ya kumfaa mtu. Ningependa siku moja mtu awapime hao wafundishaji nao, aone kama hawakupona kuliko wanafunzi wao.

Nimekuwa nikilisema mahali mbalimbali wazo hili la kutumwa, na anayenipinga vizuri kuliko wote ni dada yangu. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka miwili. "Wewe ulitumwa gazeti," aliniambia mara moja. "Mimi nilitumwa maji, kuni, mtoto, chungu, na shule nilikwenda nikiwa nimechoka. Mbona mimi sikujijua?" Ana haki. Alipokuwa darasa la saba alikuwa anaamka kabla ya adhana, na hakuna aliyemngoja na kashata. Kazi yake ilionekana tu siku ambayo haikufanyika. Mzigo usio na shukrani wala mwisho haumjengi mtoto, unamfuta. Tofauti yangu na yake haikuwa moyo. Nilipokuwa nasoma, watu walikuwa kimya wananisikiliza, na nilipomaliza walisema ahsante. Yeye alipokuwa anapika, watu walikuwa wanasubiri chakula. Sijui kama kuna somo la kujitambua linaloweza kuziba pengo hilo mtoto wa kike akirudi nyumbani saa kumi na kukuta ndoo zinamngoja.

Mwaka huu dada huyohuyo alinipigia simu. Mwanawe wa kwanza yuko kidato cha pili, shule ya bweni mkoani Morogoro. "Kaka, zungumza na mpwa wako. Ameshuka, na akija likizo haongei kabisa." Nilikwenda siku ya kutembelea wanafunzi, na chapati zake, na nikamkuta amerefuka, sauti inapasuka, masharubu yameanza kama vumbi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hujambo baba?"

"Sijambo."

Tukala. Habari za matokeo sikuzigusa, na niliona anazingoja kwa mabega yaliyokaza. Nikamuuliza hapo shuleni watu wanamtuma nini. Akanitazama kuona kama ni mtego. Kisha akatazama huku na huku, akasogea.

"Mjomba, usimwambie mama."

"Sema."

"Natengeneza simu."

Alijifunzia kwenye kibanda cha fundi wakati wa likizo: kubadili vioo, kusafisha tundu la chaji, kulehemu waya za spika. Ndiyo maana haongei nyumbani, anawaza saketi. Nikamkumbusha kwamba kwenye shule ile mwanafunzi akikutwa na simu anafukuzwa.

"Si za wanafunzi," akasema, kidogo ameudhika. "Za walimu. Na ya matroni. Ya mwalimu wa nidhamu kioo chake kimekuja jana, naimalizia kesho."

Jioni dada alipiga kuuliza nimegundua nini. Nilimwambia mtoto anakula vizuri, Hesabu zinataka mtu wa kumsaidia na nimeshampata, na kwamba ameomba tochi ya kuvaa kichwani, yenye mwanga mkali.

"Ya kusomea usiku?" akauliza, na nilisikia sauti yake ikichangamka.

Nikasema ndiyo, hata kusomea itafaa.